Je, anayelima ekari tatu ana haki ya kujiita mkulima?

"Mtaalamu, salaam. Nina umri wa miaka 46 na ninalima ekari tatu nilizorithi kwa baba. Mke wangu hunisaidia. Sehemu kubwa ya mavuno tunakula wenyewe, inayobaki tunauza, na kwa miezi mitatu hivi kila mwaka natafuta vibarua vya ujenzi. Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alijaza fomu ya shule, na kwenye nafasi ya kazi ya mzazi akaandika 'hana kazi'. Nilipomuuliza alishangaa, akanijibu kwamba hayo ni maneno yangu mwenyewe: kila nikiulizwa ninafanya nini, husema 'sina kazi, nalima tu'. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga hesabu. Nikigawanya ninachopata kwa siku ninazofanya kazi, kibarua wa ujenzi ananizidi. Kuna mtu anataka kulinunua shamba. Majirani nao wananicheka kwa sababu msimu huu niliacha mabua yaoze shambani kama alivyonifundisha bwana shamba. Wanasema nimekuwa mvivu. Usiku usingizi hauji vizuri. Nauliza: mimi ni mkulima kweli, au ni mtu aliyekosa kazi akabaki shamba? Na kijiji kingepungukiwa na nini kama ningeuza nikaondoka?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninaona ndani yake yapo maswali matatu. La kwanza ni la jina: wewe ni nani. La pili ni la mchango: wenzako kijijini wanapata nini kutokana na kuwapo kwako. La tatu ni la uamuzi: uuze au usiuze. Yote matatu umeyakabidhi kwa hesabu moja, ile ya kugawanya kipato kwa siku za kazi. Hesabu hiyo haiwezi kabisa kujibu mawili ya kwanza, na hilo la tatu inalijibu kwa upotofu kwa namna ulivyoipiga. Niruhusu niyatenganishe.

Nianze na maneno, kwa sababu binti yako aliandika alichokisikia. Lugha yetu yenyewe imemtega mtu wa aina yako. Tunasema "mkulima mdogo", na kile kivumishi kimemshika mtu badala ya kulishika shamba. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi hatumwiti mwalimu mdogo, lakini anayelima ekari tatu udogo wa shamba lake tunamvisha yeye mwenyewe. Neno "shamba" nalo linataja kipande cha ardhi na pia linataja upande wote usio mji, na kutokana na maana hiyo ya pili tukatengeneza "mshamba", ambalo ni tusi. Kisha kuna "kazi", neno ambalo kwa miaka mingi limebanwa mpaka watu wengi wakaelewa kwamba kazi ni ile yenye mwajiri na siku ya mshahara. Katika mahojiano na wakulima nimezoea kumkuta mtu ametoka kupalilia tangu alfajiri, jembe bado liko begani, naye ananiambia kwa utulivu kwamba hana kazi. Hadanganyi. Anatumia tu maana ya neno kama alivyoipokea. Ile "tu" katika "nalima tu" ni herufi mbili, lakini ndizo zilizosomwa na binti yako kwa miaka yote aliyokaa nawe.

Udogo huo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwa watakwimu, ambao walihitaji mstari wa kupangia mashamba. Hakuna ukomo mmoja uliokubaliwa duniani kote, ila unaotumika mara nyingi ni hekta 2, yaani karibu ekari 5, na kwa kipimo hicho ekari zako tatu zimo ndani. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wamekadiria kwamba dunia ina mashamba zaidi ya milioni 600, na kwamba takribani asilimia 84 kati ya hayo ni ya chini ya hekta 2. Kwa hiyo ukitaka kujua mkulima wa kawaida wa dunia hii anafananaje, anafanana na wewe kuliko anavyofanana na mwenye trekta kumi. Mashamba hayo ya chini ya hekta 2 yanashika karibu asilimia 12 tu ya ardhi yote ya kilimo, na yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 35 ya chakula cha dunia.

Hapa nisahihishe jambo ambalo huenda umewahi kulisikia likisemwa kwenye mikutano kwa nia ya kukutia moyo, kwamba wakulima wadogo wanalisha asilimia 70 au 80 ya dunia. Asilimia 80 inahusu mashamba yote yanayoendeshwa na familia, makubwa kwa madogo, na yapo mashamba ya familia yenye mamia ya hekta. Mimi napendelea ile 35, kwa kuwa ndiyo inayokuhusu na haihitaji kutiwa chumvi: asilimia 12 ya ardhi inatoa zaidi ya theluthi moja ya chakula.

Sasa hisia yako kwamba wewe ni mtu aliyebaki. Hisia hiyo ina historia, na ni vema uijue ili usidhani imezaliwa kichwani mwako. Mwaka 1954 mwanauchumi Arthur Lewis alieleza maendeleo kama safari ya watu kutoka kilimo cha kienyeji kwenda viwandani. Katika maelezo yake, sekta ya kienyeji ina watu wa ziada: baadhi yao wakiondoka, mavuno hayapungui kwa kiasi cha maana. Wazo hilo liliingia katika mipango ya serikali nyingi, na kutoka huko likashuka hadi kwenye mazungumzo ya kawaida, mahali ambapo kijana mwerevu ni yule anayeondoka na anayebaki hutafutiwa sababu ya kubaki kwake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1964, Theodore Schultz alibisha kwa nguvu. Alisema wakulima maskini wa kilimo cha jadi hutumia walicho nacho kwa ufanisi mkubwa, na kwamba umaskini wao unatokana na uchache wa vitu vilivyo mikononi mwao, wala hautokani na uvivu au ujinga. Wanauchumi hao wawili, mmoja aliyekuona mtu wa ziada na mwingine aliyekuona mtaalamu asiye na vifaa, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa pamoja mwaka 1979. Mjadala wao haujaisha. Ukijiuliza usiku kama wewe ni mkulima au ni mtu aliyekosa kazi, unaurudia ukiwa peke yako, bila kujua kwamba una upande wa pili.

Nije kwenye hesabu yako, maana hapo ndipo palipo na kosa linalokuumiza zaidi. Mtu aliyelieleza vizuri ni Mrusi aliyeitwa Alexander Chayanov, ambaye katika miaka ya 1920 alichambua takwimu nyingi za kaya za wakulima wa nchi yake. Aligundua kwamba kaya inayolima kwa mikono yake yenyewe haiendeshwi kama kampuni. Kampuni hulipa mishahara, hutoa gharama, kisha hutazama faida. Kaya haijilipi mshahara. Mwisho wa mwaka inapata kitu kimoja kisichogawanyika, ambacho ni chakula, fedha kidogo, mbegu na mifugo vikiwa pamoja, na swali inalojiuliza ni kama vinatosha kwa midomo iliyopo, na kama kuongeza jasho zaidi kunastahili. Ndiyo maana, alisema, kaya yenye watoto wengi wadogo hufanya kazi kwa bidii inayokaribia kujiumiza, na watoto wakikua na kushika jembe mzigo hupungua. Ukubwa wa kazi unafuata umri wa familia, jambo ambalo hakuna daftari la kampuni linaloweza kulionyesha. Serikali ya nchi yake haikupenda mawazo hayo. Chayanov alikamatwa mwaka 1930, na mwaka 1937 akauawa kwa kupigwa risasi.

Tazama sasa ulivyopiga yako. Ulichukua fedha ulizopata, labda ukaongeza thamani ya chakula mlichokula, ukagawanya kwa siku. Chakula hicho ulikikadiria kwa bei gani? Nina hakika ni ile ya kuuzia baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na mnunuzi anachagua. Lakini kama msingekilima, mngekinunua kidogo kidogo, kwa bei ya rejareja, katika miezi ambayo ghala za wote ni tupu, na mngelipa pia gharama ya kukifikisha nyumbani. Bei inayofaa kukadiria chakula cha nyumbani ni hiyo ya kununulia, na katika sehemu nyingi tofauti kati ya bei hizo mbili ni kubwa kiasi cha kugeuza hasara kuwa faida. Ukamlinganisha kibarua wa ujenzi na wewe kwa siku. Lakini wewe mwenyewe umesema vibarua hivyo unavipata miezi mitatu. Kama ujenzi ungekuhitaji miezi kumi na miwili, ulinganisho ungekuwa wa haki. Kwa hali ilivyo, siku nyingi unazozihesabu kama hasara shambani zisingelipwa na mtu yeyote. Tena kibarua huyo halali kwenye nyumba iliyo juu ya eneo lake la kazi, hapati kuni wala malisho kutoka hapo, na akizeeka hakuna jengo litakalompa mahali pa kukaa.

Hata hivyo nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chayanov huyohuyo aliona kwamba uwezo wa kaya kufanya kazi bila kujilipa ni nguvu na pia ni mtego. Kaya hustahimili bei mbaya ambazo zingeiua kampuni, na kwa sababu inastahimili, wanunuzi huzoea kuilipa vibaya. Inaweza kujinyonya kwa miaka bila kujua, ikila afya ya mama, masomo ya watoto na rutuba ya udongo, huku kila msimu ikidhani imejikimu. Kwa hiyo kusema kwamba hesabu ya ujira imekosea si kusema kwamba huna hasara. Unahitaji hesabu nyingine, na nitaieleza nitakapofika kwenye suala la kuuza.

Umeniambia pia kuhusu mabua na kicheko cha majirani. Huenda uliliona jambo dogo, lakini kwangu ndilo lililonionyesha kwamba wewe ni mkulima. Mwaka 2004 mtafiti Rob Burton aliandika kuhusu wakulima wa Uingereza waliosita kubadili mashamba yao kwa ajili ya kuhifadhi mazingira hata walipoahidiwa malipo. Alieleza kwamba shamba ni kama ukuta wa maonyesho: kila apitaye njiani anausoma, naye mkulima analijua hilo. Mistari iliyonyooka, udongo usio na gugu, mimea iliyolingana kimo, hizo ndizo alama ambazo wenzake humpimia ustadi. Ukimwambia aache alama hizo, unamwomba aonekane mzembe mbele ya watu pekee ambao hukumu yao anaijali. Sifa ya mkulima bora hutolewa na mkulima mwenzake, tena akiwa amesimama kwenye mpaka wa shamba.

Hicho ndicho kilichokupata. Mabua yanayooza yanafunika udongo, yanapunguza maji yanayopotea kwa jua, yanazuia mvua kubwa isichukue tabaka la juu, na hatimaye yanarudi kuwa chakula cha udongo. Kwa macho ya njiani, lakini, ni uchafu. Majirani wako wanatumia kipimo ambacho kwa vizazi vingi kilikuwa na maana, kwa kuwa shamba chafu mara nyingi kweli lilikuwa la mtu mgonjwa au mvivu. Usigombane nao. Chagua sehemu iliyo karibu na njia uiache na mabua yake, na kwenye mpaka wake ufyeke vizuri ili ionekane kwamba umefanya kwa makusudi. Mvua zikikatika, mwalike mmoja wao aingize mkono kwenye udongo chini ya mabua, kisha auingize kwenye udongo mtupu. Wakulima huamini udongo haraka kuliko wanavyoamini maneno. Na ujiulize: mtu asiye mkulima angeumizwa na kicheko hicho?

Kuna mtafiti mwingine wa Uingereza, Ruth Gasson, aliyeuliza mwaka 1973 wakulima wanathamini nini katika kazi yao. Aligundua kwamba wengi walitanguliza mambo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe, yaani namna ya kuishi, uhuru wa kujiamulia na kuifanya kazi kwa mikono yao, kabla ya kipato, na kwamba wenye mashamba madogo walikazia uhuru huo hata kuliko wenye makubwa. Nakutajia haya kwa sababu barua yako haikuwa na neno hata moja juu ya kile unachokipenda shambani. Umeandika hasara, aibu na mashaka. Miaka yote hiyo ya kuamua mwenyewe lini upande, wapi upumzishe udongo, mbegu ipi uiweke akiba, umeipitisha kimya kana kwamba haikuwa maamuzi. Huo ni utaalamu. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeijua miteremko ya ekari zako tatu na mahali maji yanapotuama kama mnavyoijua wewe na mkeo.

Vibarua vya ujenzi nisivitumie maneno mengi. Kuchanganya shamba na kazi nyingine hakumwondolei mtu ukulima. Nchini Japani, kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya kaya za wakulima zimekuwa na mapato nje ya shamba, na takwimu za serikali zikawa na mafungu maalumu ya kaya za namna hiyo. Marekani pia, familia nyingi zenye mashamba hupata fedha zao nyingi nje ya shamba. Fedha za ujenzi ndizo zinazonunua mbegu na mbolea yako, na shamba ndilo linalokulisha ujenzi ukisimama.

Mkeo, sasa. Umeandika kwamba "hunisaidia". Nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu, na nakuomba ulitazame nawe, kwa upendo kabisa. Anayesaidia huja na kuondoka. Kazi si yake. Je, mkeo huja na kuondoka? Au huchagua mbegu, hupanda, hupalilia, huvuna, hukausha, huhifadhi, kisha hupika? Kama ndivyo, basi shamba hilo lina wakulima wawili, na wewe umemfanyia yeye kilekile ambacho fomu ya shule imekufanyia wewe. Hulaumiwi peke yako: madaftari ya ardhi, orodha za pembejeo na mialiko ya mafunzo hufanya hivyo kila siku. Ni kwa sababu ya usahaulifu wa namna hiyo kwamba Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mkulima Mwanamke. Anzia nyumbani kabla ya kungoja matangazo. Na kwa kuwa mnafikiria kuuza, jina lake na ridhaa yake si suala la heshima pekee; ni usalama wake na wa watoto.

Ukitaka jina lenye uzito wa kimataifa, lipo. Tarehe 17 Desemba 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la haki za wakulima wadogo na watu wengine wanaofanya kazi vijijini, kwa kura 121 za ndiyo, 8 za hapana na 54 za kutoonyesha upande. Kifungu chake cha kwanza kinamweleza mkulima wa aina hiyo kuwa ni mtu anayezalisha kwa kiwango kidogo, peke yake au pamoja na wengine, kwa kujikimu au kwa soko au kwa yote mawili, akitegemea kwa kiasi kikubwa kazi ya familia, na mwenye kufungamana na ardhi kwa namna ya pekee. Hakuna hekta zilizotajwa, wala kiasi cha mauzo. Azimio hilo halina nguvu ya sheria ya nchi, hivyo usilipeleke mahakamani ukitegemea lishinde kesi, lakini kwa swali lako la kwanza linatosha: unachofanya ndicho kinachokupa jina.

Swali lako la pili, kijiji kingepungukiwa na nini, ni zito, na wengi hulijibu kwa mashairi. Nitalijibu kwa mfano. Katika miaka ya 1940 mwanaanthropolojia Walter Goldschmidt alilinganisha miji midogo miwili ya jimbo la California nchini Marekani, Arvin na Dinuba. Thamani ya mazao yaliyozunguka miji hiyo ilikaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa ukubwa wa mashamba: Arvin ilizungukwa na mashamba makubwa yenye vibarua wengi, na Dinuba ilizungukwa na mashamba madogo ya familia. Dinuba ilikuwa na watu wengi zaidi waliojitegemea, biashara nyingi zaidi, shule zaidi, na vyama vya kiraia vilivyo hai zaidi. Wakosoaji wa baadaye walisema miji hiyo ilitofautiana katika mambo mengine pia, na wana hoja. Lakini utaratibu alioueleza unaeleweka: mavuno yakigawanyika kwa kaya nyingi, fedha zake hutumika karibu, na watu wenye cha kupoteza mahali hapo hukaa kwenye kamati zake.

Jitazame kwa jicho hilo. Fundi anayetengeneza zana zako yupo kwa sababu wewe na wengine kama wewe mnampa kazi. Darasa la binti yako limejaa kwa sababu kaya kama yako hazijahama. Kaya zikipungua, walimu huhamishwa na mwishowe shule hufungwa. Jirani akifiwa katikati ya msimu, nani humalizia palizi yake? Mbegu mnayoihifadhi ikifanikiwa mwaka wa ukame, itaombwa na nyumba ngapi? Mambo haya hayaandikwi kwenye hesabu ya kipato kwa siku. Nisikudanganye kwamba kijiji kingeporomoka siku ukiondoka. Kijiji hustahimili kaya moja. Kinachokidhoofisha ni kaya moja, kisha nyingine, kila moja ikiwa na sababu nzuri, mpaka ardhi yote inakuwa ya wachache. Duniani kote, makadirio yanaonyesha kwamba asilimia 1 ya mashamba, yaliyo makubwa kupita yote, yanashika zaidi ya asilimia 70 ya ardhi ya kilimo. Hata hivyo hilo silo deni lako. Huna wajibu wa kubaki maskini ili kijiji kibaki kijiji, na mtu anayekuambia hivyo bila kukusaidia kupata bei nzuri anakutumia.

Tufike kwenye kuuza. Kabla ya kuamua, wewe na mkeo wekeni daftari kwa msimu mmoja kamili, ikiwezekana miwili. Andikeni mlichokula, kwa bei ya kununulia. Andikeni mlichouza na kilichoingia mkononi baada ya usafiri na ushuru. Andikeni gharama zote, na siku za kazi za kila mmoja, zikiwamo za watoto. Kisha, ukurasa wa mwisho, andikeni hali ya vitu vinavyobaki: udongo ni mzuri au mbaya kuliko mwaka jana, mifugo imeongezeka au imepungua, deni limekua au limeshuka. Ukurasa huo wa mwisho ndio unaosema kweli. Kaya inayokopa msimu huu ili kulipa mkopo wa msimu uliopita, inayouza zana, au inayomtoa mtoto shule wakati wa palizi, inaliwa na shamba lake, na hapo kubadili mwelekeo ni busara, wala si kushindwa.

Kubadili, hata hivyo, kuna ngazi nyingi, na kuuza ni ya mwisho kwa sababu kurudi kutoka hapo ni kugumu kupita kote. Mnaweza kulima ekari mbili vizuri na kuikodisha moja kwa msimu, kwa maandishi yenye mashahidi. Mnaweza kuhamisha sehemu kwenye zao linalodai mikono kidogo. Mnaweza kuuza pamoja na wenzenu, ambayo ndiyo njia ya zamani ya wenye kidogo kupata sauti mbele ya mnunuzi: wakulima wa Hjedding nchini Denmark walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika mwaka 1882, na kanuni iliyojengeka katika ushirika wa nchi hiyo ilikuwa kila mwanachama kura moja, awe na ng'ombe mmoja au hamsini. Ushirika hufa pia, mara nyingi kwa sababu ya vitabu visivyokaguliwa na viongozi wasiobadilishwa, kwa hiyo kabla ya kujiunga omba kuona hesabu za mwaka uliopita, ukinyimwa, ondoka. Na kama mwisho wa yote mtaona kuuza ndiko kunakofaa, mwulizeni mnunuzi bei kisha mjiulize nyinyi wenyewe: fedha hizi zikiisha, na zitaisha, zitakuwa zimezaa nini kinachotulisha kila mwaka kama shamba lilivyotulisha? Kama jibu lipo na ni la kweli, uzeni bila aibu.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Msiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya ardhi, hata ya "malipo ya awali", kabla ya kuonana ana kwa ana na ofisi inayohusika na ardhi na mwanasheria au msaidizi wa kisheria asiyelipwa na mnunuzi. Kuhusu udongo na mabua, mrudie yule bwana shamba, umwombe aje aone mwenyewe, ikiwezekana siku ambayo majirani wapo.

Na usingizi. Mashaka ya usiku mmoja mmoja ni ya kawaida kwa mtu mwenye uamuzi mkubwa. Lakini yakiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, ukikosa hamu ya kula au ya kwenda shambani, ukianza kunywa ili ulale, nenda kituo cha afya ueleze kama ulivyonieleza mimi. Usiseme unaumwa kichwa tu. Ikiwa wazo la kwamba ingekuwa afadhali usiwepo limewahi kukupitia, mwambie mkeo au mtu unayemwamini leo hii, na mwende kituoni pamoja leo hii. Dawa zote za kuulia wadudu na magugu zitoke nyumbani, akae nazo mtu mwingine. Nalisema hili waziwazi kwa sababu sumu za shambani zimechukua wakulima wengi sana duniani katika saa moja tu ya giza ambayo ingepita.

Binti yako hakukudharau. Alijibu swali la fomu kwa uaminifu, kwa maneno aliyofundishwa. Usimlazimishe aahidi kwamba atalima. Hilo ataliamua mwenyewe akikua, na atakuwa huru zaidi kuliamua kama amekuona ukilitaja jina la kazi yako bila kuomba radhi. Mpeleke shambani siku moja bila jembe, umwonyeshe maji yanatuama wapi na kwa nini uliacha mabua. Kisha muulize kama fomu inaweza kusahihishwa. Kwenye nafasi ya kazi ya baba aandike "mkulima". Kwenye nafasi ya kazi ya mama, baada ya kumuuliza mama mwenyewe anapenda kuitwaje, aandike vivyo hivyo.